Poshomili ya Mbao na Leso ya Kukhu

Sheila na Brayo, sasa mtulie. Mmenisumbua vya kutosha, ati guka, yaani babu, andika, guka andika kabla hujasahau. Mimi sisahau kitu isipokuwa mahali nilipoweka miwani. Lakini keki ya kuniaga kazini mmeshanilisha, blanketi mmenipa, na mke wangu Wambui amechoka kuniona nikizunguka boma nikitafuta milango ya kurekebisha, hata ile ambayo haijaharibika. Kwa hivyo nimeketi, nimeshika kalamu, na kuku wamefukuzwa mezani.

Nawaonya mapema. Shule niliiacha darasa la tatu kijijini Kwanza, karibu na Kitale, na sababu ilikuwa ng'ombe wa baba yangu. Mkikuta nimeandika kurara badala ya kulala, msisahihishe, ndivyo tunavyorara kwetu. Tena msinicheke sana, kwa maana nyinyi mmesomea kazi yetu hii ya maneno mpaka mkapewa kofia, na bado mkinisalimia mnasema "niaje". Hiyo ni salamu gani ya kumpa mtu mzima?

Mambo ya mshahara na cheo sitaandika. Karatasi moja iliniita msaidizi, nyingine ikaniita fundi, na watoto waliniita Ng'ombe. Hicho cha mwisho ndicho nilichokifanyia kazi kwa bidii.

Nilianza Kitale, na nilianza kwa bahati. Mimi nilikuwa seremala. Nilitumwa kwenye nyumba moja nyuma ya kanisa kutengeneza rafu, nikakuta mama mfupi, sauti kama ya kiongozi wa kwaya, ameketi chini kwenye mkeka bila viatu, soksi zimetoboka gumbani. Huyo alikuwa Madam Nafula. Mzaliwa wa Bungoma, mtaalamu wa usemi wa watoto, yaani mtoto akichelewa kusema au akikataa kusema, analetwa kwake. Watu wa soko walimwita daktari wa maneno. Mimi wakati huo sikujua kama maneno yana daktari. Nilifikiri mtoto akichelewa kusema unamngoja tu, na akizidi unamchapa kidogo.

Chini ya meza kulikuwa na msichana mdogo, tumwite Chebet, amejikunja kama paka. Madam akanitazama nikiwa na nyundo mkononi.

"Mzee, unajua kulia kama ng'ombe?"

"Wa kienyeji au wa gredi, yule wa kizungu?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Wa kienyeji analia kama amekukasirikia. Wa gredi analia kama anaomba serikali imsaidie."

"Lia wa gredi."

Bana, nililia. Nimechunga ng'ombe tangu meno ya kwanza yanidondoke, hiyo ndiyo digrii yangu. Chebet akatoa jicho moja. Nikalia tena, akatoa kichwa. Nilipotaka kulia mara nyingine vumbi la mbao likanishika kooni, nikabaki nimefungua mdomo bila sauti, macho yanatoka machozi. Chebet akaningoja. Akaona ng'ombe amekwama. Basi akanimalizia mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Mmmoo."

Mimi nikafikiri nimetibu mtu. Nikaanza kumwambia Madam vile ng'ombe wetu mmoja aliitwa Wairimu, na vile alivyokuwa anajua kufungua lango. Madam akaniwekea kidole mdomoni, mimi mtu mzima.

"Mzee, hukumsaidia kwa kulia. Umemsaidia uliponyamaza. Rafu utaimaliza lini?"

"Kesho."

"Ukimaliza usiende."

Sikuenda. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi yenyewe, kwa wale watakaokuja baada yenu na hawajui, ni kucheza. Nasema hivyo na bado najua mtu atacheka. Watu wa Kitale walicheka sana. Jirani yangu aliniuliza kanisani, mbele ya watu, "Njoroge, ni kweli unalipwa kucheza kalongo, mchezo wa watoto wa baba na mama?" Na akina mama nao, mtu ametoka Kwanza asubuhi, mtoto mgongoni, anafika anakuta mzee wa mvi amelala chali anajifanya amekufa ili mtoto amwambie amka. "Dawa iko wapi?" wanauliza. "Dawa ndiyo hiyo imelala," Madam anawajibu.

Lakini kucheza kwa Madam kulikuwa na sheria, na sheria kubwa ilikuwa kungoja. Unapuliza mapovu ya sabuni kwa mrija wa jani la mpapai. Mtoto anafurahi, anayapasua, yanaisha. Sasa unafunga chupa, unaifunga kabisa, unaishika karibu na uso wako, unamtazama mtoto. Unangoja. Husemi "unataka tena?" Husemi "sema mapovu, sema mapovu," kama unafundisha kasuku. Unangoja mpaka uone aibu, halafu unangoja tena. Mtoto akitoa sauti yoyote, hata kama ni "pa", hapohapo unapuliza, bila hotuba. Anajifunza kwamba sauti yake ina kazi.

Sasa mnanijua. Mimi kunyamaza ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Mwanzoni Madam alikuwa anakaa kando yangu na kunifinya paja. Nilirudi nyumbani na alama, Wambui akaanza kuuliza maswali. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. "Miaka yote hii mimi nimejaribu kukunyamazisha bure," akasema, "na kumbe kuna mtu amesomea!"

Vifaa nilitengeneza mwenyewe. Kuna wageni waliwahi kutuletea wanasesere wa plastiki wenye macho ya bluu yanayofunguka na kufumba. Wa kwanza tu alipofumbua macho, mtoto mmoja alikimbia mpaka barabarani na mimi nyuma yake. Tukawaweka juu ya kabati wakiangalia ukuta. Tukarudi kwa magunzi ya mahindi. Gunzi ukilifunga kitambaa ni mtoto, ukilivua ni kuni, na mtoto wa mkulima analijua tangu zamani. Ng'ombe wa mbao, jembe dogo, sufuria ndogo zenye masizi ya kweli, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani. Mpira wa dukani unakimbia sana, unamaliza mchezo kabla mtoto hajafikiri la kusema. Wa makaratasi ni mzito, unakungoja.

Baadaye Madam akahamishiwa Bungoma, na mimi nikabebwa pamoja na vifaa. Wambui alibaki na shamba, mimi nikapanga chumba, nikirudi Kitale mwisho wa wiki. Huko Bungoma nilipata amani moja. Kitale watu walikuwa wananicheka nikichanganya r na l. Bungoma wote tunachanganya, ila kila mmoja na upande wake. Kuna baba alileta mtoto kwa sababu anasema "mpila". Madam akamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Baba akafikiri. "Mpila." Wakarudi nyumbani salama.

Sasa nifike kwa Simiyu, maana najua ndiye mnayemtaka, mengine mnayavumilia tu.

Simiyu alikuwa na miaka minne. Aliletwa na nyanya yake mzaa mama, mama mmoja wa Mabanga anayeitwa Rasoa, mrefu, mnyoofu, leso mabegani hata kwa jua. Wabukusu nyanya wanamwita kukhu, na sisi sote tukamwita Kukhu. Mama ya Simiyu ni nesi huko Lodwar, ruhusa anapata kwa shida, kwa hivyo mtoto alilelewa na Kukhu. Baba yake, Wekesa, alikuwa na poshomili, mashine ya kusaga mahindi, mjini Bungoma. Kila Jumamosi alikuja, nyusi zimejaa unga, akasimama nje kwenye ua, ametupa mgongo. Mimi nikafikiri ni mtu wa maringo.

Masikio ya Simiyu yalikuwa yamepimwa, yako sawa. Ulimi Madam aliuangalia mwenyewe, uko sawa. Akiambiwa lete, analeta. Lakini kusema, hapana. Hata mama, hata baba.

"Akiwa nyumbani akitaka kitu anafanyaje?" Madam akamuuliza Kukhu.

"Akitaka uji anaangalia sufuria. Akitaka maji ananyoosha kidole kwa mtungi. Akitaka kulala anashika sikio."

"Na akitaka kusema?"

"Aseme nini tena, na nimeshamletea?"

Hakuwa anatania. Kukhu alikuwa anasikia vidole. Nimeona mwenyewe, mtoto anageuza shingo kidogo tu, na Kukhu ameshatoa ndizi kwenye kikapu, ameimenya. Unampenda mtoto hivyo mpaka unamfanyia hata maneno. Madam akamweleza taratibu, kwamba si lawama, watoto huchelewa kwa njia nyingi, huyu anahitaji kusaidiwa apate sababu ya kusema. Kukhu akakubali kwa kichwa, na mkono wake ulikuwa tayari unampangusa mtoto pua ambayo haikuwa na kitu.

Jumamosi moja Wekesa akamwita Madam nje, kwenye veranda. Dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa ndani nikigundisha mguu wa ng'ombe wa mbao, na Kukhu kwenye mkeka na Simiyu, kwa hivyo tulisikia yote.

"Madam, mimi sina ubaya," Wekesa akasema. "Lakini watu wetu wamekaa wameongea. Dada yangu wa Naitiri anasema mtoto amefungwa mdomo na malezi ya upande ule. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza kama bado hajasema, nimpeleke kwake. Ati kuna mama huko anajua kukata kamba ya ulimi."

"Ulimi wake hauna shida. Usikubali akatwe."

"Nitasema nini, Madam? Mimi nasaga mahindi ya watu mchana kutwa. Watoto wao wanaita baba, baba. Kila mara nageuka, na si mimi."

Ndani, Kukhu hakugeuka. Alimvuta Simiyu karibu, kisha akasema kwa nguvu, akitazama rafu ya vifaa:

"Madam, kwani upepo unasema nini huko nje? Uambie upepo, huyu mtoto mimi nimemkanda maji moto tangu kitovu hakijaanguka. Uambie, Naitiri ni mbali kwa mtu wa magoti yangu."

Na kule nje Wekesa akajibu, akitazama ua: "Madam, mwambie mama nimesikia."

Nikashangaa. Wako hatua chache, kila mmoja anamsikia mwenzake, na wanatumana kupitia Madam kama wako nchi mbili. Kwetu mkwe unamheshimu, ndiyo, lakini mnakunywa chai. Nikasema moyoni, hawa wamekosana, na dawa ya waliokosana ni kucheza pamoja.

Juma lililofuata Madam alikuwa ametoka kidogo kupokea simu. Mimi niko na Simiyu na Kukhu, mchezo wa mpira wa makaratasi, ule wa zamu, ambao unataka watu watatu. Magoti yangu siku hiyo yalikuwa yamegoma kwenda chini. Nikatoa kichwa nje. "Baba Simiyu! Kuja ndani, vua viatu, hakuna shida yoyote."

Maskini, alifikiri nikisema hakuna shida ninamaanisha Kukhu ametoka. Akavua kiatu kimoja, akaingia akirukaruka akivua cha pili. Kukhu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, leso imeteleza mabegani. Wakatazamana uso kwa uso, nafikiri mara ya kwanza tangu harusi.

Sijaona watu wazima wakitawanyika hivyo. Kukhu alijitupia leso kichwani yote, akageukia ukuta akabaki hapo kama gunia la viazi. Wekesa alirudi kinyumenyume, akakanyaga beseni la mapovu, akatoka na maji, mpaka kwenye ua, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwangu. Mimi nimeshika mpira.

Halafu tukasikia kicheko.

Simiyu alikuwa amelala kwenye mkeka anacheka, tumbo linaruka. Anaangalia leso, anaangalia mlango, anacheka tena. Hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake hata siku moja. Ilikuwa nzito kidogo, kama ya mzee.

Madam akarudi, akaangalia beseni, akaangalia ukutani, akaangalia kiatu.

"Mzee Njoroge, umefanya nini?"

"Mchezo."

Aliniingiza jikoni, akafunga mlango, akacheka ndani ya aproni yake mpaka akalia. Ndipo akanieleza. Kwao Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani, na siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini Rasoa hakulegeza hata kidogo. Wekesa kusimama pale uani juani kila Jumamosi, nilichoita maringo, ilikuwa adabu tupu.

"Sasa tutawaomba msamaha," nikasema, "na Wekesa tumwache tu uani."

Madam alikuwa anafikiri juu ya kile kicheko. "Umeona mtoto? Kila siku wakubwa wako juu yake wakimjazia kila kitu. Leo wote wawili wamekimbia, na yeye ndiye amebaki katikati. Hatuwezi kuwakalisha pamoja. Basi tuwatenganishe zaidi, yeye awe mtu wa kati."

Tukapanga hivi. Mlango wa kwenda veranda tuweke pazia mpaka karibu na sakafu. Baba nje, Kukhu ndani, hawaonani. Simiyu anapita chini ya pazia. Wakubwa wakitaka kitu, hawana njia nyingine, ni Simiyu tu. Na hakuna anayejibu kidole, kila mtu anajibu sauti.

Kukhu alisikiliza mpango wote akitazama pembeni. "Pazia nitaleta leso yangu," akasema. "Zenu ni nyepesi, zinaonyesha mtu."

Mchezo ulikuwa poshomili, kwa sababu Simiyu alikuwa amezoea mashine ya baba yake. Niliijenga kwa mbao, na tundu la kutia mahindi juu, mdomo wa unga chini, na mpini wa kuzungusha unaogonga vijiti ndani. Nilijivunia sana. Wekesa akaizunguka, akainama.

"Mzee, hii injini yako haina mshipi."

"Ni ya mtoto."

"Hata kama. Mtoto wangu anajua injini."

Akaleta kipande cha mshipi wa kweli kutoka kazini, akaufunga mwenyewe. Akanifundisha na mlio wake, ule wa mashine ikianza na ule wa mahindi mabichi yakikwama. Hapo ndipo tulipoanza kuwa marafiki, na ndipo alipoambiwa sheria ya kungoja. Akasema ni rahisi. Nikamwambia, utaona.

Siku ya kwanza, Kukhu anatia mahindi kwenye mkebe, anampa Simiyu. Simiyu anapita chini ya leso, anampa baba. Baba anamimina kwenye mashine. Anashika mpini. Hazungushi. Anamtazama mtoto.

Simiyu akanyoosha kidole kwa mpini.

Wekesa akangoja. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye unga wa nyusi, linashuka jeupe kama uji. Mimi niko pembeni mwa leso, naona pande zote mbili, nimejifinya paja mwenyewe. Ndani Kukhu hasikii mlio wa mashine, anajua mtoto amekwama, na naona vidole vyake vya miguu vinakunja mkeka. Simiyu akamvuta baba mkono. Baba hakuzungusha. Akamwangalia tu, na yale macho yalikuwa ya mtu anayeomba.

"Trrr," Simiyu akasema.

Bana, Wekesa alizungusha huo mpini mpaka mshipi ukatoka.

Sitawadanganya kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko. Wiki nyingi ilikuwa trrr tu. Halafu ikawa "aga", yaani saga. Halafu "aga, baba". Siku hiyo ya "baba" Wekesa alitoka akaenda kunawa uso kwenye bomba la nje, akanawa muda mrefu kuliko unga aliokuwa nao. Lakini hayo yote yalikuwa kwenye mchezo. Nyumbani Mabanga, kimya. Kanisani, kimya. Akitoka mlangoni kwetu, alirudia kidole chake. Kukhu alijaribu kungoja, na alitueleza kwa ukweli: "Naweza kungoja mpaka uji upoe. Ukipoa, nashindwa." Na Krismasi ikapita, na dada wa Naitiri akapiga simu akauliza, amesema? Madam hakuahidi mtu kitu. Alisema tu, "Tunaendelea kucheza."

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Kukhu alifika na mfuko. Aliuweka kando ya rafu bila kuuangalia.

"Ni nini hiyo, mama?" Madam akauliza.

"Nguo zake. Nimezifua, nimepiga pasi. Sitaki Naitiri waseme alitoka kwangu mchafu." Kisha akaketi, akanyoosha leso yake mlangoni ikae sawa, akachukua mkebe wa mahindi kama kawaida. "Tucheze."

Tulicheza. Hakuna aliyecheza vizuri isipokuwa Simiyu. Aga, baba. Trrr. Unga wa kujifanya ukaja, Kukhu akasonga ugali wa kujifanya, mimi nikala nikasema umeiva, na ulikuwa umeiva kweli. Halafu mashine ikanyamaza. Nyuma ya leso tukasikia Wekesa akikohoa.

"Simiyu," akasema, polepole. "Enda umwambie kukhu. Mwambie, siendi Naitiri, nabaki. Umesikia? Nabaki."

Leso ni kitambaa tu. Sote tulisikia. Kukhu alisikia kabla yetu. Lakini neno la mkwe halimfiki mama mkwe hivyo, lazima liletwe, na mletaji alikuwa mmoja tu.

Simiyu akatoka chini ya leso. Akasimama mbele ya Kukhu. Akanyoosha kidole chini, hapa, kwenye mkeka.

Kukhu, ambaye tangu mtoto azaliwe hakuwahi kushindwa kusoma kidole hicho, akakitazama kama hajakielewa. Nilitaka kupiga kelele, mama, si umeona, si amekwambia! Midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imepotea. Uji ulikuwa unapoa na aliuacha upoe.

Mtoto akageuka kutazama leso. Akatutazama sisi. Hakuna aliyemsaidia. Akashika goti la Kukhu.

"Kukhu," akasema. "Baki."

"Nani?" Kukhu akauliza.

"Mimi. Mimi baki."

Kukhu alimvuta, akamficha mzima ndani ya sketi zake, hata tukabaki tunaona viatu tu. Alipomwachilia, alijipangusa, akakaa wima, akarudi kuwa Rasoa wa Mabanga.

"Enda umwambie baba yako," akasema, "kukhu amesikia."

Akaenda. "Baba! Kukhu kia!" Kule nje tulisikia bomba tu, mtu ananawa tena uso.

Basi asubuhi ile yote Simiyu akapita chini ya leso, kwenda na kurudi, mpaka leso ikaning'inia upande mmoja. Habari zilipoisha, akaanza kupeleka zile ambazo hakuna mtu amemtuma.

"Baba! Kukhu jaa!"

"Mimi sijasema nina njaa!" Kukhu akapiga kelele, kwa leso, moja kwa moja, akasahau mkwe yuko upande wa pili.

Halafu nje, Wekesa, akiuambia upepo: "Mzee Njoroge, mwambie mama naenda kununua mandazi."

Sheila, Brayo, ile poshomili iko kwenye rafu ya chini, na mshipi bado ni ule wa Wekesa. Leso Kukhu alichukua. Alisema watoto wa watu wengine walete zao.